Maswali ya Wasomaji: Kalamu Inapogoma Gizani

Tangu Oktoba barua nyingi za safu hii zinatoka kwa watu wa kalamu: washairi, watarjumi, waandishi wa riwaya na wanafunzi wa uzamivu walioko Skandinavia, Uingereza, Ujerumani, Kanada na Marekani. Wote wanalalamikia giza. Tumechagua zile zilizouliza jambo mahsusi, na tukaongeza mbili kutoka nyumbani. Saa zote tulizotaja humu ni za Kiswahili, kwa hiyo anayeambiwa awashe taa ya tiba (taa kali ya mezani inayoshika nafasi ya mwanga wa asubuhi) saa moja asubuhi asije akasoma vingine.

Shikamooni. Naishi Stockholm na naandika riwaya kwa Kiswahili. Kila Oktoba ikiisha nalala muda wa saa kumi na bado naamka nimechoka. Natamani chapati na wali kutwa nzima, simu sipokei, na mswada naufungua kisha naufunga. Aprili ikifika narudi kuwa mtu. Mume wangu anasema ni uvivu. Ni kweli?

Marahaba. Uvivu haungojei Oktoba, dada. Uliyoyaeleza ndiyo picha kamili ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inayofuata majira: usingizi mrefu usioshibisha, tamaa ya wanga, uzito kupanda, kukosa hamu ya watu na kazi, kisha yote kuondoka majira ya kuchipua yanapoingia. Ilielezwa rasmi kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Rosenthal ni mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyehamia New York akakutana na baridi iliyompunguzia nguvu naye pia.

Linganisha unakotoka na ulipo. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kuliko yote hazipishani hata saa moja. Stockholm katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, tena saa sita mchana limeinuka nyuzi saba tu juu ya upeo, nyuma ya majengo. Nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake si kuona bali kuiarifu saa ya mwili kwamba kumekucha. Mwanga mkali wa asubuhi huzuia melatonini, homoni ya usiku, na kuirekebisha saa hiyo. Asubuhi ikikosa mwanga, saa ya mwili huchelewa: wewe umeketi mezani, mwili bado uko usiku. Hayo ndiyo maelezo yanayotegemewa zaidi, ingawa si watu wote wanaougua kwa njia hiyo moja.

Daktari ataliita jina hilo endapo hali imejirudia angalau miaka miwili mfululizo, ikianza na kuisha majira yaleyale, na kama hakuna sababu nyingine ya kila mwaka, mfano kukosa kibarua kila baridi. Mwombe pia apime damu kuangalia upungufu wa damu na tezi ya thairoidi. Vyote viwili huleta uchovu unaofanana na huu, na si haki kuwashia taa ugonjwa wa tezi.

Sasa upande wa kazi yako. Sonona haianzi kwa kuiba mawazo. Kwanza huiba uwezo wa kuanza, kisha uwezo wa kushika uzi: unafika mwisho wa aya umesahau ilikuwa inaelekea wapi. Hatari zaidi ni jicho la uhariri, ambalo huwa kali bila haki. Sura iliyokupendeza Agosti, Januari inaonekana takataka. Kwa hiyo weka kanuni: kuanzia Novemba hadi Machi hakuna kufuta. Unachotaka kukitupa kihamishie kwenye faili lenye jina la mwezi, ukihukumu Mei.

Natafsiri nyaraka za mahakama na hospitali, niko Minneapolis. Nilinunua taa ya luksi 10,000. Naiwasha nikirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, naikodolea macho nusu saa. Wiki ya pili sasa, nimepata kichwa kuuma na kukosa usingizi. Nimetapeliwa?

Huenda taa ni nzima, na matumizi ndiyo yaliyopinda. Tuanze na saa. Mwanga wa jioni huisukuma saa ya mwili nyuma zaidi, yaani unaongeza tatizo lilelile unalolitibu, na usingizi ndio wa kwanza kulipa. Taa hii ni ya ndani ya saa moja baada ya kuamka, na kwa watu wengi isivuke saa nne asubuhi. Anayeswali alfajiri aiwashe akishaswali.

Luksi hupima mwanga unaofika kwenye jicho, si nguvu ya taa yenyewe. Ofisi ya kawaida ina luksi 300 hadi 500, sebule jioni haifiki hata 200, na nje siku ya mawingu mazito ni elfu moja na zaidi. Kipimo kinachotumika sana ni luksi 10,000 kwa dakika 30. Taa ya 5,000 huhitaji kama saa nzima, ya 2,500 saa mbili. Balbu ya mezani, hata uisogeze vipi, haifiki huko.

Soma kwenye boksi maandishi madogo: luksi 10,000 kwa umbali gani? Taa nyingi za bei nafuu hufikisha hesabu hiyo ukiwa sentimita 15 tu, na hakuna anayeweza kuandika akiwa amebandika uso kwenye taa. Ukiirudisha taa ndogo nyuma mara mbili ya umbali ulioandikwa, unabaki na takribani robo ya mwanga. Tafuta bamba pana, kama sentimita 30 kwa 40, linalotoa kipimo hicho ukiwa sentimita 30 au zaidi, lenye mwanga mweupe na kichujio cha miale ya urujuanimno. Taa za saluni za kubadili rangi ya ngozi ni kitu kingine kabisa. Hizo zitakuunguza macho.

Kisha mezani. Usiikodolee. Iweke kando ya kompyuta, kushoto au kulia, juu kidogo ya usawa wa macho, ikielekea uso wako huku macho yako yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Ikiwa nyuma yako haina faida kwa jicho na itamulika kioo usisome kitu. Anayeandika kwa mkono ameinama, kope na paji la uso humkinga na mwanga, kwa hiyo ainue daftari kwa ubao ulioegeshwa. Vua kofia yenye ukingo. Vua pia miwani ya kuchuja mwanga wa bluu ambayo watarjumi wengi huvaa kutwa, maana rangi inayochujwa ndiyo saa ya mwili inayoisikia kuliko nyingine.

Kichwa mara nyingi huuma kwa sababu taa inawaka peke yake kwenye chumba chenye giza. Washa kwanza taa za chumba, ongeza mwanga wa kioo cha kompyuta, anza na dakika 15 kwa siku tatu nne, kisha panda hadi 30. Ikiwa wiki mbili za matumizi sahihi, kila siku pamoja na Jumapili, hazijaleta kitu, fika dakika 45 au 60. Hapo pakishindikana, rudi kwa daktari. Kuruka siku moja hakudhuru, lakini wengi wakiacha siku kadhaa dalili hurudi.

Kuna watu wasioanza taa kabla ya kuonana na daktari. Ni wenye maradhi ya retina (utando wa nyuma ya jicho), kisukari kilichogusa macho, au lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Ni pia wanaotumia dawa zinazofanya ngozi na macho yaogope mwanga, na doksisaiklini ni mojawapo, ile ambayo wengine hupewa kukinga malaria wanapokwenda likizo nyumbani. Waliotumia hidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, miaka mingi wapimwe retina kwanza.

La mwisho linawahusu waandishi kuliko watu wengine. Mwenye ugonjwa wa hisia mbili zinazopishana, furaha ya kupindukia na sonona, anaweza kurushwa na taa hadi upande wa pili. Dalili zake ni kulala muda wa saa tatu tu bila kuchoka, kusema haraka, kutumia pesa ovyo, na kujaza kurasa arobaini usiku mmoja. Mwandishi huita hali hiyo baraka. Zima taa, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo.

Niko Oslo, naandika tasnifu ya uzamivu. Mawazo yangu mazuri huja saa nane usiku, nalala kumi na moja alfajiri, naamka saa tano asubuhi. Lazima nibadilike?

Kama ni Juni, fanya upendavyo. Desemba hapo Oslo jua huwa juu ya upeo kwa muda usiofika saa sita, na huzama mnamo saa tisa na robo alasiri. Ukiamka saa tano, ukaoga na kunywa chai, umebakiwa na saa tatu za mwanga, nazo unazipitisha ndani. Umejitengenezea Tromsø yako mwenyewe, mji ambao jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Usiruke kwa siku moja. Amka mapema zaidi kwa nusu saa kila baada ya siku mbili au tatu, na kila hatua taa iwake mara ukiamka. Saa mbili kabla ya kulala punguza mwanga wa chumba na wa kompyuta. Hapo ndipo miwani ya kuchuja mwanga wa bluu ina kazi. Kahawa ya mwisho iwe saa saba mchana. Ukifika kuamka saa mbili asubuhi, simama hapo, hakuna atakayekupa tuzo ya kuamka kumi na moja.

Kisha toka nje kati ya saa tano na saa nane mchana, dakika 30 hadi 40, hata mawingu yakiwa yamefunga. Tembea ukizungumza na simu: tamka aya inayofuata, programu iigeuze maandishi, utaisafisha mezani. Imla ya kutembea haivutii, ina marudio na “yaani” nyingi, lakini imeshaanza, na kuanza ndiko sonona inakokuzuia. Dawati nalo lihamishie dirisha la kusini. Huku kaskazini jua la baridi halipandi upande mwingine, na dirisha la kaskazini halitaliona hadi majira yageuke.

Mimi niko Nairobi, naandikia wateja wa Marekani mtandaoni usiku kucha. Nalala mchana mapazia yamefungwa. Mbona dalili za watu wa Ulaya ninazo zote na hapa jua ni la kumwaga?

Jua la kumwaga halimfikii aliyefunga pazia. Hiyo si sonona ya majira, kwa sababu Julai na Januari kwako ni sawa, lakini njia yake ni ileile: jicho halipati asubuhi. Kabla ya taa au dawa, piga hesabu ya saa. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wao wako kwenye baridi, na saa 7 wakati wa kiangazi chao. Mteja wa New York anapoingia kazini saa tatu asubuhi Januari, kwako ni saa kumi na moja jioni. Mkikubaliana uwe hewani nusu ya kwanza ya siku yake, umemaliza saa tatu usiku na unalala kama binadamu. Wengi wanakesha kwa mazoea tu, mteja hajawahi kudai. Mteja wa California ndiye mgumu, maana saa tatu yake ya asubuhi ni saa mbili usiku Nairobi.

Asiyeweza kuepuka kukesha awashe taa zote nusu ya kwanza ya zamu, azipunguze saa mbili za mwisho, alale chumba cheusi kweli, na akiamka mchana atoke nje saa nzima kabla ya kufungua kompyuta. Usibadilishe ratiba kila wikendi. Kuyumba huko kunachosha kuliko kukesha kwenyewe.

Hapa Njombe Juni na Julai ni ukungu na baridi, na shairi halitoki. Ndiyo yenyewe?

Kwa latitudo yenu mchana haupungui kiasi cha kuleta sonona ya majira. Ukungu hupunguza mwanga, lakini ukiwa nje bado unapata maelfu ya luksi. Kwanza angalia kama baridi imekufungia ndani jikoni pasipo dirisha. Hamishia kiti barazani asubuhi, ujifunge blanketi. Hali ikidumu wiki mbili au zaidi, hata Agosti yenye jua, huenda hiyo ni sonona ya kawaida, nayo ina tiba hospitali.

Mama yangu aliye Hamburg ananihimiza ninywe vitamini D na vidonge vya mitishamba vinavyouzwa bila cheti. Vinatosha badala ya taa?

Mama ana haki nusu. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na baridi ya Ulaya kaskazini haina miale ya kuitengeneza, hivyo kidonge cha mikrogramu 10 kwa siku ni busara. Uingereza hushauri kiasi hicho kwa watu wote miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie mwaka mzima. Usivuke mikrogramu 100 kwa siku. Lakini hiyo ni ya mifupa na misuli, na ushahidi kwamba inaondoa sonona ni hafifu. Taa nayo haitoi vitamini D, kwa kuwa miale hiyo imechujwa. Vitu viwili, kazi mbili.

Vidonge vya mitishamba ulivyotutajia, vya ua la njano linaloitwa Johanniskraut kwa Kijerumani, viache hadi umwambie mfamasia kila dawa unayotumia. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya ARV kadhaa, na vikichanganywa na dawa za sonona vinaweza kukupeleka hospitali.

Mchapishaji anadai mswada Januari 31. Niko Toronto, taa ninayo, bado kurasa 60. Nipangeje?

Mwandikie mchapishaji leo, kabla Desemba haijakunyamazisha. Omba Aprili 30, na uahidi kumpa sura mbili Januari kama dhamana. Mhariri huvumilia tarehe iliyosogezwa mapema, na huchukia ukimya.

Akikataa, gawa kazi kwa uzito wake, si kwa mpangilio wa sura. Maandishi mapya yapate dakika zile 30 hadi 45 za chini ya taa, basi. Lengo liwe maneno 150 hadi 200, kiasi kidogo hata cha kuona aibu. Siku 75 kwa maneno 200 ni maneno 15,000, ambayo ni kurasa 60 za maneno 250. Baada ya taa kuzima, fanya yasiyohitaji ubunifu: kusawazisha tahajia za majina, kuhakiki tarehe, kupanga marejeo, kuchapa maandishi ya mkono. Mchana toka nje. Kuanzia saa tisa usijadiliane na mswada kabisa, kwa kuwa hapo hukumu zako ni mbovu.

Kabla ya kufunga, andika mstari mmoja unaoiambia kesho ianzie wapi: “Mwanaidi anafika forodhani, Salimu hayupo.” Usiandike “endelea na sura ya saba”. Kichwa kizito cha asubuhi hakijui maana yake.

Na usiandike peke yako. Tafuta mwandishi mmoja, mfungue simu ya video saa ileile kila siku, dakika 50, kamera wazi, sauti zimezimwa. Sonona hukushawishi kwamba utatoka kitandani ukijisikia vizuri. Mpangilio wa kweli ni kinyume chake, na tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa na Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont kwa ajili ya sonona hii imejengwa juu ya hilo: panga shughuli, ifanye, hamu ifuate. Katika utafiti wake, baada ya baridi mbili waliopata tiba hiyo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliotumia taa pekee. Uliza kama daktari wako anaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wake. Dawa zipo pia. Bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kuzuia sonona ya majira, na huanzwa vuli kabla hali haijaingia.

Mimi ni mshairi, Glasgow. Nikipona, mashairi yatakwenda wapi?

Hesabu umeandika mashairi mangapi Januari tatu zilizopita, kisha hesabu ya Juni. Huzuni unayoikumbuka inaandikika. Sonona yenyewe haikuachii hata mshororo. Wanaouza hadithi ya mshairi anayeteseka aghalabu hawajawahi kulala siku tatu bila kuoga.

Rafiki yangu, mwandishi mwenzangu huku Kanada, ameanza kusema baridi hii hataimaliza, na amenigawia vitabu vyake. Nifanye nini?

Usingoje barua yetu inayofuata. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, humpa nafasi ya kusema. Kaa naye, ondoa dawa na vitu vya hatari, pigeni 988, namba inayofanya kazi Kanada na Marekani mchana na usiku. Akiwa hatarini sasa hivi, 911. Walioko nchi za Umoja wa Ulaya wapige 112. Kugawa vitu vya thamani ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito, hata akicheka anapokupa.

Taa niache lini?

Pale jua linapokuwa limeshachomoza unapoamka, na unatoka nje kila asubuhi. Kwa Stockholm na Oslo ni karibu Aprili, Toronto mapema kidogo. Punguza dakika kumi kila wiki, ukiona uzito umerudi panda tena. Ifute vumbi kabla ya kuihifadhi, na weka alama kwenye kalenda ya Septemba uitoe wiki mbili kabla ya tarehe ambayo mwaka huu ulianza kulala kupita kiasi.